Watoto wa Ruwa, Zimbabwe, 1994: uchunguzi ule ulifanywaje hasa?

Msafiri wa Tunduma aliandika:

Wakuu, heshima yenu.

Mimi ni dereva wa malori, njia ya Tunduma, Lusaka, Chirundu hadi Harare. Mara nyingine mzigo unakwenda mpaka Mutare, na hapo lazima uipite Ruwa, mji mdogo kama kilomita 22 kutoka Harare. Safari iliyopita nilimpakia fundi mmoja Mzimbabwe. Tulipofika Ruwa akaninyooshea kidole upande wa vichaka akasema, "Walishukia kule." Nikamuuliza akina nani, akanisimulia mpaka tukaingia Marondera.

Kwa wasioijua habari yenyewe: Ijumaa tarehe 16 Septemba 1994, kama saa nne na robo asubuhi, wanafunzi wa Ariel, shule ya msingi ya binafsi, walikuwa mapumzikoni na walimu wao wako kikaoni. Watoto wanasema waliona chombo, wengine wanasema zaidi ya kimoja, kinang'aa kama fedha kikishuka vichakani nje ya eneo la shule, na karibu yake kiumbe mwenye nguo nyeusi za kubana na macho makubwa kupita kiasi. Wanaotajwa kuona ni watoto 62, wa miaka 6 hadi 12. Mtu mzima aliyekuwa karibu nao ni mzazi mmoja aliyekuwa akihudumu kwenye kiduka cha vitafunwa cha shule. Walimkimbilia wakipiga kelele, lakini hakutaka kuliacha duka peke yake.

Nimetazama filamu, nimesoma nilichokipata. Wapo wanaosema watoto 62 hawawezi kutunga uongo mmoja. Wapo wanaosema wachunguzi ndio walioharibu kila kitu. Naomba mwenye ujuzi wa mambo ya anga, au aliyewahi kufanya kazi ya kuhoji watoto, anieleze kwa utaratibu. Imenikaa kichwani.

Anga Wazi alijibu:

Mkuu, rudi siku mbili nyuma. Jumatano usiku, tarehe 14 Septemba, watu wa nchi kadhaa za kusini mwa Afrika waliona mlolongo wa mioto ukikatiza anga polepole, bila sauti. Hiyo inajulikana ilikuwa nini: sehemu ya roketi aina ya Zenit-2, iliyobaki angani baada ya kuipeleka satelaiti ya Kirusi ya Cosmos 2290 mwezi Agosti. Usiku ule ilikuwa inarudi kwenye angahewa na kuungua.

Kimondo cha kawaida unakiona sekunde mbili tatu kimekwisha. Chuma cha roketi kinaingia kwa mlalo, kwa hiyo kinaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kupita, huku kinakatika vipande na kila kipande kina mkia wake. Kwa kuwa kiko makumi ya kilomita juu, husikii kitu. Aliye chini anaona taa zinazokwenda pamoja kwa mpangilio, akili inaziunganisha, na wengine wataapa kabisa wameona chombo kirefu chenye madirisha. Limetokea hivyo nchi nyingi.

Redio ya taifa ya kule, ZBC, ilipokea simu za wasikilizaji. Baadhi walisema ni kimondo, lakini gumzo lililoishika nchi lilikuwa la UFO, yaani vyombo vya angani visivyojulikana. Kwa hiyo wale watoto Ijumaa asubuhi walitoka kwenye nyumba ambazo habari za vitu vya angani ndizo zilizokuwa zinazungumzwa. Sisemi waliona roketi saa nne mchana. Ile ilikuwa imeshaungua. Nasema wazo lilikuwa limeshafika shuleni kabla ya kengele ya mapumziko.

Na linganisha na kilichotokea Kenya tarehe 30 Desemba 2024, pale kijiji cha Mukuku, Makueni. Ilianguka pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya likafika, likaichukua, likatoa taarifa. Ruwa waliofika kuhoji watoto walikuwa mwandishi wa habari na mtafiti wa UFO. Kila mmoja alichukua kilichomhusu.

Mjukuu wa Kamachumu alijibu:

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kwenda mbali. Kashasha, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka. Katika wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudi kwao, na kicheko kikafuatana nao. Kijiji cha Nshamba peke yake walishikwa watu 217. Madaktari walipima damu, wakaangalia chakula na maji, hawakukuta sumu wala ugonjwa.

Nani hapa hajawahi kusikia shule ambayo msichana mmoja amepiga yowe bwenini na nusu saa baadaye wako kumi na tano chini? Hofu ya watoto inaambukiza. Ruwa ni hilo hilo. Tusitafute vyombo.

Mama Ustawi alijibu:

Mwanangu Msafiri, nimelisoma swali lako tangu jana na nimeona nikae chini nilijibu vizuri, kwa sababu linanigusa. Mimi ni afisa ustawi wa jamii mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kukaa na watoto ambao wameona jambo na sasa wanatakiwa walieleze polisi au mahakamani. Mambo ya anga nawaachia wenyewe. Kuhoji mtoto nakujua.

Tuanze na saa. Kitu kimeonekana Ijumaa saa nne na robo. Watoto wamekimbia wanalia, wamewaambia walimu, hawakuaminiwa. Wakarudi darasani. Mchana wakaenda nyumbani, wakawasimulia wazazi, wakakaa Jumamosi, wakakaa Jumapili, simu zikapigwa kati ya nyumba na nyumba. Jumatatu tarehe 19 akafika Tim Leach wa BBC na kamera. Jumanne tarehe 20 akafika Cynthia Hind, aliyekuwa akikusanya habari za UFO Afrika nzima na kuzichapisha kwenye jarida lake, UFO Afrinews. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuwauliza wale watoto kwa nia ya kuandika rekodi aliwakuta baada ya usiku tatu, na mbele ya kamera.

Usiku tatu kwa mtoto wa miaka saba ni muda mrefu mno. Siku ile ile, kengele ilipolia, mwalimu yeyote angeweza kugawa karatasi, kila mtoto moja, kila mtoto dawati lake, akasema: andika au chora ulichokiona, usizungumze na mwenzako, na kama hukuona kitu andika hukuona kitu. Nusu saa tu. Leo tungekuwa na rekodi ya kila mtoto, yenye tarehe, kabla ya mzazi, kabla ya redio, kabla ya mgeni yeyote. Tungejua ni wangapi waliona kabla ya kuambiwa na mwenzao. Tungejua pia habari za wale waliokuwa uwanja ule ule wasione chochote, maana walikuwepo, na si wachache. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii kuliko jambo lolote lingine.

Sasa Hind. Simsemi kwa ubaya, alikwenda kwa moyo wa kuwasikiliza watoto ambao wakubwa wao waliwapuuza, na hilo lina thamani yake. Lakini aliwahoji kwa makundi, wanne hadi sita pamoja, na wenzao wakisikiliza. Ukishafanya hivyo huna tena mashahidi sita. Una shahidi mmoja mwenye midomo sita. Nitawapa mfano niliouona mwenyewe. Watoto watatu walishuhudia bodaboda imemgonga mzee na kukimbia. Kabla hawajaletwa kwangu, mgambo mmoja alikuwa ameshawauliza wakiwa wamesimama pamoja barabarani: "Ile pikipiki nyekundu ilielekea wapi?" Walipofika ofisini, kila mmoja kwa wakati wake, walinieleza pikipiki nyekundu. Mmoja akaniongezea kwamba ilikuwa na mstari mweupe kwenye tangi. Pikipiki ilipokamatwa ilikuwa ya bluu. Wale watoto hawakuwa waongo. Ukiwapima kwa macho, sauti, machozi, utasema huyu anaona anachokieleza, na ni kweli alikuwa anakiona. Rangi ile iliingia kwa swali.

Namna inayofaa ni hii. Mtoto mmoja, chumba kimoja, hakuna mzazi mlangoni. Unaanza na mambo ya kwao, kuku, wadogo zake, mpira. Kisha unamwambia: mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyekuwepo, nieleze tangu mwanzo, hata yale unayodhani hayana maana, na nikikuuliza usilolijua sema sijui. Halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mtoto anaangalia dirisha, anachezea kifungo cha shati, askari aliyekaa pembeni anataka kumsaidia kwa swali, na wewe unamzuia kwa mkono. Baada ya hapo ndipo mtoto anaendelea, na hapo ndipo yanatoka mambo ambayo hakuna mkubwa angeyatunga. Mchoro unakuja mwisho, akiwa peke yake, na chini unaandika maneno yake kama alivyoyasema. Michoro ya Ruwa imesambaa dunia nzima, watu wanaiweka sambamba na kusema tazama zinavyofanana. Swali langu kwa kila mchoro ni lilelile: ulichorwa siku gani, na mchoraji alikaa karibu na nani?

Halafu akaja John Mack. Huyu hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa profesa wa magonjwa ya akili Harvard, alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1977 kwa kitabu cha maisha ya T. E. Lawrence, askari na mwandishi Mwingereza, na mwaka huo wa 1994 alikuwa ametoka kuchapisha kitabu kuhusu watu wanaosema wamechukuliwa na viumbe wa angani. Chuo chake kilikuwa kimeshamwundia kamati ya kuchunguza kazi yake hiyo, na mwaka 1995 ikaishia kwa yeye kubaki na nafasi yake. Alifika Ruwa mwishoni mwa Novemba, miezi miwili na zaidi baada ya tukio. Na ni katika mahojiano yake ndipo linapojitokeza jambo ambalo taarifa za Hind za Septemba hazina: kwamba viumbe wale waliwapa watoto ujumbe, kwa macho, bila kusema, kuwa binadamu tunaiharibu dunia.

Nimeyatazama mahojiano yale nikirudia. Mack ana upole wa kweli, watoto wanamwamini. Lakini sikilizeni anavyouliza. Anataka kujua hisia ilikuwa nini, yule kiumbe alitaka nini, wazo lile lilifikaje kwako. Mtoto mwenye adabu akiulizwa na babu mpole aliyetoka mbali kwamba yule alitaka nini, atamtafutia jibu. Na uharibifu wa mazingira ni jambo lililokuwa moyoni mwa Mack mwenyewe, alikuwa akilihusisha na viumbe hawa tangu kabla ya kuja Zimbabwe. Tena mtu wa taaluma yake alikuwa na onyo mbele ya macho. Huko huko Marekani kesi ya shule ya awali ya McMartin, California, ambako walimu walishtakiwa kuwadhalilisha watoto, ilianza 1983 ikaisha 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, na sababu kubwa ilikuwa namna watoto walivyohojiwa, kwa kusukumwa, mpaka wakaeleza mahandaki na maajabu. Miaka minne tu ilikuwa imepita.

Mjukuu wa Kamachumu, kuhusu Kashasha sikubaliani nawe. Kashasha watoto waliugua. Walicheka, walilia, walishindwa masomo, wengine walikaa hivyo siku kadhaa, na ikaenda hadi vijijini kwa miezi. Ruwa hakuna aliyeugua. Watoto walikimbia, walilia kwa hofu, wakasimulia jambo la dakika chache. Hofu iliambukizana, ndiyo, lakini hofu inahitaji kianzio, na kusema tu kwamba iliambukizana hakutuambii wa kwanza aliona nini. Anga Wazi naye ametueleza vizuri kwa nini waliliita UFO. Bado hajatueleza nini kilikuwa vichakani.

Kuna jambo moja katika rekodi za Hind ambalo mimi nalithamini kuliko michoro yote. Baadhi ya watoto wadogo weusi walilia wakisema ni tokoloshe, na kwamba atakuja kuwala. Tokoloshe ni kiumbe wa hadithi za huko kusini, bibi anamtisha mtoto naye. Yule mtafiti hakuja kutafuta tokoloshe. Kwa hiyo neno lile halikutoka kwake, lilitoka nyumbani kwa mtoto, na linaonyesha mtoto akijaribu kulipa jina jambo lililomtisha kwa maneno aliyonayo. Wengine walisema kiumbe ana nywele ndefu nyeusi, wengine hana. Hizo tofauti ndizo zilizofaa kufuatiliwa moja moja. Badala yake zimefichwa nyuma ya picha moja ya macho makubwa.

Mkweli Daima alijibu:

Mama, shikamoo. Nakuheshimu lakini maneno yako yanawaumiza wale watu. Wengi wao leo wana zaidi ya miaka 35, wako nchi mbalimbali, wanarudia yale yale. Wamechekwa, wengine hata kwao hawakuaminiwa. Kwenye filamu ya 2022 mtu mzima anatoa machozi. Ungetunga uongo utotoni ukalia nao uzeeni? Na yule mmoja aliyejitokeza 2023 akadai yeye ndiye aliyeanzisha kwa kuwaonyesha wenzake jiwe linalong'aa, wenzake wamemkataa. Mbona wabishi wanamwamini yeye mmoja wakawaacha wote?

Mama Ustawi alijibu:

Marahaba, mwanangu. Sikusema popote kuwa walitunga, na sitasema. Naamini waliona kitu na waliogopa kweli. Machozi yale ni ya kweli kabisa. Mtoto aliyekwenda kwa mwalimu wake akitetemeka akaambiwa arudi darasani, halafu dunia nzima ikaja kumuuliza bila kumsaidia, ana haki ya kulia hata akiwa na miaka 80.

Lakini machozi yanaonyesha uzito wa jambo moyoni, hayaonyeshi umbo lake. Kumbukumbu tunaijenga upya kila tunapoisimulia, na hawa wamesimulia mbele ya kamera tangu utotoni. Kila filamu imeongeza safu. Huwezi sasa kumkwangua mtu mzima mpaka ukamfikia mtoto wa Ijumaa ile.

Kuhusu wa 2023 tuko pamoja. Kama nakataa kumpa mtu uzito wote kwa sababu amehojiwa miaka mingi baadaye, yeye naye anaingia kwenye mzani huo huo. Alisema baada ya miaka 29, mbele ya kamera, mmoja. Wanaomshika kwa kuwa tu amewapa jibu walilolipenda wanafanya kosa lile lile la Novemba 1994. Asikilizwe, kama wengine, na aulizwe alikuwa amesimama wapi, nani alikuwa karibu naye, jiwe lipi.

Na mniruhusu niseme hili. Kwetu Tanzania tangu 2016 mtoto mdogo akifika mahakamani anaahidi kusema ukweli na anasikilizwa. Ilichukua muda mrefu kufika hapo. Kila habari kama ya Ruwa inapogeuzwa kuwa ushindani wa "watoto hawadanganyi" na "watoto wanajitungia", anayelipa ni mtoto wa kesho mwenye jambo zito la kusema, ambaye mkubwa atamwambia unaota. Mtoto anaweza kuwa mkweli na ushahidi wake ukawa umeharibiwa na aliyemuuliza. Anayepaswa kuulizwa hapo ni aliyemuuliza.

Msafiri wa Tunduma aliandika:

Mama, nashukuru sana, na wakuu wote. Mwezi ujao napita tena njia ile. Yule fundi alisema anamfahamu mtu aliyekuwa mwanafunzi pale miaka hiyo. Nikikubaliwa kukutana naye nimuulize nini?

Mama Ustawi alijibu:

Kwanza mwache achague kama anataka kuzungumza, na akisema hataki, mshukuru uondoke. Akikubali, usimuulize aliona nini. Hilo ameshaulizwa na lina jibu lililokomaa. Muulize kuhusu Ijumaa ile baada ya kengele. Mwalimu alisema nini mlipoingia darasani? Nyumbani nani wa kwanza kukusikiliza, na alitumia maneno gani? Jumatano usiku mlikuwa nje au ndani, mlisikia nini redioni? Jumatatu walikuja akina nani, mlikaa wangapi chumbani?

Muulize pia kama anamjua mwenzake yeyote aliyekuwa uwanjani akasema hakuona kitu. Sauti za hao hazisikiki, na mimi ningetoa michoro kumi kupata mmoja wao akieleza alisimama wapi na alikuwa anaangalia upande gani.

Na kama ana mchoro wake wa wakati ule, mwombe augeuze, uangalie nyuma kama mwalimu aliandika tarehe.